Akina Bellandi Wawili wa Olaya

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisini Olaya mjini Riyadh, mlinzi aliita, "Bellandi! Yalla!" Tukainuka watu wawili: mimi, mchora ramani kutoka Naivasha, na Mhandisi Mkuu, Mwitaliano. Ofisi nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilidhani nimefika kwa ndugu.

Vijana huniuliza jina hili lilifikaje Kenya. Lilikuja na mfungwa wa vita, Mwitaliano, aliyeletwa kupasua barabara bondeni kwetu. Vita vilipoisha alirudishwa kwao, akamwachia nyanya yangu mimba, picha moja na jina. Nyanya akampa baba yangu jina hilo, na leo akina Bellandi wako Naivasha hadi Mombasa, wengine wanauza mitumba.

Mwezi wa pili nilimpelekea Mhandisi Mkuu ile picha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni babu yangu," akasema.

"Basi ni babu yetu, bosi."

Alivuta ramani niliyokuwa nimeimaliza, akaweka kidole kwenye kisanduku cha pembeni, ambamo mchoraji na mkaguzi huandika majina yao. "Kuanzia leo andika Josefu tu. Nyanya yangu yu hai, wala hajui haya. Halas, basi."

Nikaandika Josefu tu. Ikama yangu, kibali cha kuishi kule, ilitegemea sahihi yake, lakini hiyo si sababu ya kutobisha hata neno moja, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Aliponihamishia Jeddah nilipima nyumba za matumbawe za Balad, mji wa kale wa huko. Kuta za kale hazina pembe zilizonyooka, kwa hiyo kila chumba hupimwa pia mshazari, kona hadi kona, ukiwa umepiga magoti vumbini. Kazi ile ilisifiwa sana. Kwenye ramani zote Bellandi alikuwa mmoja tu, mkaguzi, na wageni walimpongeza yeye kwa mkono mzuri. Alipokea pongezi zote.

Siku niliyostaafu alinipa saa ya mkononi. "Asante, Josefu." Nilitaka kumwita binamu.

"Asante, bosi," nikasema.

Mwaka huu mwanangu alipata mtoto wa kiume. Nilimwambia jina la Bellandi liishie kwangu.

"Baba, nimeshamwandikisha," akasema. "Jina lako lote. Si ulituandikia kwamba kule ndugu zetu walikupokea vizuri?"

Ni kweli. Niliwaandikia hivyo kila mwaka.