Niliwaambia Wamnyime Chakula Ili Asikue

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio, maana hata mimi nimevitafuta na sijavipata.

Mimi ni Mkenya, mama wa watoto wawili, naishi Brampton, Kanada, na mume wangu. Jina langu sitalitaja. Wengine wenu mtanijua kwa haya nitakayosema, na ni sawa tu. Nimeshazoea kuangaliwa.

Baba yangu alifuga nguruwe kule Limuru. Nimelishwa na nguruwe, nimesomeshwa na nguruwe. Tangu utotoni najua kwamba hakuna nguruwe mdogo. Kuna nguruwe ambaye bado hajakua. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwa sababu mimi sikudanganywa na mtu. Nilijua!

Ilianza hivi. Mwenzangu mmoja kazini alinijulisha kwa mzungu fulani mzee mwenye shamba mbali huko kaskazini. Alikuwa akizalisha nguruwe anaowaita wa mfukoni. Weusi, wa madoa, wa waridi, unambeba mmoja kwa kiganja kama paka mchanga. Watu wa mjini walikuwa wamewapenda wakapagawa. Kila ukifungua simu unaona nguruwe kavalishwa sweta, nguruwe kalala kwenye kochi. Mzee akaniomba nikae na vitoto kwenye besimenti yangu, chumba cha chini ya nyumba, niwauze kwa kupiga picha na kuweka mtandaoni, halafu tugawane. Alisema wanunuzi hawapendi kusafiri hadi shambani. Sikuuliza kwa nini. Wangefika shambani wangewaona wakubwa.

Alinipa na picha ya mama yao akiwanyonyesha. Alikuwa na kimo cha mbwa mdogo. Mtu akiiona hiyo picha anaridhika papo hapo: kama mama mwenyewe ni huyu, mtoto atakua kiasi gani? Lakini yule mama alikuwa mtoto. Nguruwe jike hushika mimba kabla hajafikisha mwaka, na baada ya kuzaa anaendelea kukua miaka na miaka. Mtoto wa mfugaji yeyote anajua hivyo. Nikaituma ile picha kwa kila aliyeuliza.

Na walipouliza kuhusu chakula, niliwapa maagizo ya mzee. Nusu kikombe asubuhi, nusu jioni, basi. Akilia, mwache alie. Nilikuwa nawaambia, ukimwonea huruma utamharibu umbo.

Sasa nikueleze kuhusu Mama Shiro.

Huyu alikuwa rafiki yangu wa kanisani, na zaidi ya rafiki. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, ni yeye aliyenipikia uji na kunikanda. Alikuwa akiishi Flemingdon Park, mtaa wa Toronto, ghorofa ya juu, na binti yake Shiro ambaye alikuwa amemleta kutoka Nakuru majuzi tu. Mama analea wazee wa watu kwenye makao, zamu za mchana na jioni. Mtoto akitoka shule anajifungia ndani peke yake mpaka mama arudi. Kiingereza kilimwingia haraka, marafiki hawakuja. Akawa anaomba mnyama wa kukaa naye.

Mama Shiro alitaka paka. Mimi nikamwambia nina kitu bora kuliko paka. Habweki, hanyonyoki manyoya, ana akili kuliko mbwa. Aliniuliza kama inaruhusiwa. Nilijua hairuhusiwi, sheria ya jiji inakataza kufuga nguruwe nyumbani. Nikacheka nikamwambia, kitu chenyewe ni kadogo hivi, nani atajua?

Shiro alimpa jina Biskuti. Jumapili iliyofuata alinikumbatia mlangoni mwa kanisa, akaniambia kwa Kiingereza chake kipya kwamba mimi ndiye anti yake nambari moja duniani. Nikajisikia mtu mwema.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya picha na vicheko. Halafu simu zikaanza.

Kwanza Mama Shiro alisema Biskuti analamba ukuta. Siku nyingine akasema amekula sabuni ya kuogea, yote. Nikamwambia ni utundu wa utoto. Baadaye akaniambia ameng'oa zulia pembeni ya mlango na kulitafuna, na kwamba wamefunga friji kwa kamba kwa sababu amejua kuifungua. Niliuliza kama wamemwongezea chakula. Akasema hapana, tunafuata ulivyotuambia, lakini amekua hata hivyo. Sasa ananifika gotini.

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nilikuwa jikoni kwangu, nimeshika simu, na chini besimenti nasikia vitoto viwili ambavyo havijanunuliwa vikipiga kelele za njaa. Nilifunga mlango wa besimenti kwanza ndiyo nikamjibu. "Mpunguzie," nikamwambia.

Aliwahi kuniambia jambo moja ambalo sikutaka kulisikia. Alisema Biskuti haendi tena kulala pembeni kwake wakila. Anasimama katikati ya chumba, halii, hatikisi mkia, anawatazama tu. "Anamtazama mtoto mkono," alisema Mama Shiro. "Unavyoenda kwenye sahani na unavyorudi mdomoni."

Nilimwambia nguruwe wote wako hivyo. Na sikusema uongo, ndugu zangu. Nguruwe wote wenye njaa wako hivyo. Baba yangu hakuturuhusu hata siku moja kuingia zizini kama nguruwe hawajalishwa. Alikuwa na sababu zake, na sababu hizo nilizifahamu.

Kile ambacho mimi na Mama Shiro hatukukijua ni kwamba Shiro alikuwa akimlisha kwa siri. Alikuwa akisikia Biskuti akilia na hakuweza kustahimili. Kila siku shuleni anakula nusu ya chakula chake, nusu anairudisha kwenye begi. Anafika nyumbani, anafungua mlango, Biskuti anamngoja hapo hapo, anampa kwa mkono. Mtoto alikuwa amegawana naye tumbo lake.

Ile siku kulikuwa na sherehe darasani, chakula cha shuleni kikaliwa chote. Shiro akarudi mikono mitupu. Akafungua mlango kama kawaida. Biskuti akanusa begi, akanusa mikono, akafuata vidole.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Jirani alisikia, lakini alidhani ni watoto wanacheza. Shiro mwenyewe aliingia bafuni na kujifungia, akampigia mama yake. Mama yake alikimbia kutoka kazini, akakuta damu kwenye ukumbi na nguruwe amejilaza kwenye blanketi lake.

Kabla ya kuita msaada wowote alinipigia mimi. Na sasa ndiyo nafika kwenye ungamo langu hasa, maana hayo mengine yote ni tamaa, na tamaa wengi wanayo.

Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. Akaniuliza, "Nikifika hospitali niseme nini?"

Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Mwenye nyumba angemtoa. Jiji lingemtoza faini. Hayo yote nilimkumbusha moja baada ya jingine, kama rafiki. Lakini moyoni nilikuwa nawaza wangeuliza amemtoa wapi, na besimenti yangu nitaificha wapi.

"Sema ni mbwa," nikamwambia. "Mbwa wa kupotea, kule bondeni nyuma ya jengo lenu."

Na Shiro tukamwambia aseme hivyo hivyo.

Hospitalini wakaamini. Lakini mbwa asiyejulikana aking'ata mtoto si jambo dogo, watu wa afya wanamtaka huyo mbwa ili wajue kama ana kichaa. Hakuna mbwa. Basi mtoto akaanza kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, sindano juu ya sindano, kwa ajili ya mbwa ambaye hajawahi kuzaliwa. Nilimshika mkono ule mzima akichomwa. Hakulia. Alikuwa akiniangalia usoni, na mimi naangalia ukutani.

Jeraha likashonwa, wakapewa dawa, wakarudi nyumbani. Biskuti alifungiwa kwenye chumba cha kulala na kabati likasukumwa mlangoni. Mama Shiro alisema alikuwa akisukuma usiku kucha.

Mkono haukupona. Ukavimba hadi kwenye kiwiko, ukawa na joto, ukaanza kunuka. Homa ikapanda, mtoto akarudishwa hospitali na kulazwa. Nilikuwepo daktari alipoingia, mama mmoja mpole wa makamo. Alisema dawa walizompa zingetosha kwa jeraha la mbwa, na haelewi kwa nini hazifanyi kazi. Kila mnyama ana vijidudu vyake mdomoni, alisema. Akamgeukia Mama Shiro na kumuuliza taratibu kama ana hakika kabisa ni mbwa.

Mama Shiro aliniangalia mimi.

Nilitikisa kichwa kumkataza. Kidogo tu, hivi, ambavyo mtu mwingine asingeona.

"Ni mbwa," Mama Shiro akasema.

Wueh! Mungu wangu, nitajibu nini siku hiyo ya hesabu? Mtoto wa mtu anaoza mkono mbele yangu na mimi natikisa kichwa.

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni Shiro alipozungumza. Macho alikuwa ameyafumba, nilidhani amelala. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kwamba hakuwa mbwa. Ni nguruwe wake. Kisha akaongeza, na hii aliisema kwa Kiswahili, nafikiri ili sisi wawili tuisikie vizuri: "Si kosa lake. Alikuwa na njaa."

Daktari hakupaza sauti. Alitoka mbio. Wakabadilisha dawa, wakampeleka chumba cha upasuaji jioni ile ile. Waliuokoa mkono. Kidole cha shahada hawakukiokoa, na cha kati hakikunjiki tena. Ni mkono wa kulia, ule anaoandikia.

Watu wa jiji walikwenda kumchukua Biskuti. Daktari wa mifugo alimwambia Mama Shiro kwamba huyo mnyama hakuwa mkali. Mifupa yake ilikuwa dhaifu kama ya mzee kwa kukosa lishe, kwato zimejikunja, na tumboni walimkuta na vipande vya zulia. Walikuwa wamemlaza usingizi wa milele. Shiro hakuambiwa. Anajua amepelekwa shambani.

Mama Shiro alipata barua ya kuhama. Nilikwenda kumsaidia kufunga vitu. Aliufungua mlango, akasimama katikati yake, hakuniruhusu kupita. Sikumwona Shiro, nilisikia tu katuni sebuleni.

Nilianza kulia, nikamwomba msamaha. Aliniacha nimalize.

"Ulikulia na nguruwe," akasema. "Ulinisimulia mwenyewe, jinsi baba yako alivyowakataza kuingia wakiwa na njaa. Nimekaa nikifikiri labda ulisahau. Ulisahau?"

Nikasema hapana.

"Asante kwa kuniambia ukweli," akasema, akafunga mlango.

Hajanipigia tena. Kanisani nimeacha kwenda, kila nilipofika akina mama walinyamaza. Mume wangu aliiosha besimenti yote kwa dawa na sasa haingii humo. Vile vitoto viwili nilivirudisha kwa mzee. Alivipokea bila kuuliza, akanionyesha wengine wapya. Nilimwambia yaliyompata Shiro. Akasema watu hawafuati maagizo, ndiyo shida.

Lakini si hilo lililonifanya niandike.

Niliuza wengi kabla ya Biskuti, na wengine baada yake. Mmoja alikwenda kwa wanafunzi wanaoishi pamoja mtaa wa Jane na Finch. Mmoja kwa kijana aliyemnunulia mchumba wake. Mmoja kwa bibi mstaafu anayekaa peke yake, aliyeniambia anataka kitu cha kumpasha miguu joto akitazama televisheni. Nimewapigia wote. Wengine wamebadili namba. Wengine hawashiki, labda wanajua wamevunja sheria na wanaogopa, kama tulivyoogopa sisi. Bibi yule simu yake inaita mpaka inakatika. Nimekwenda kwenye jengo lake, nikabonyeza kengele, hakuna aliyefungua. Sikuwa nimewahi kupanda juu kwake, nilimkabidhi mnyama pale chini langoni, hata mlango wake siujui.

Nikiwa nyumbani natulia, kwa kuwa sasa hakuna kelele chini. Lakini najua mahali fulani katika majumba haya marefu, nyuma ya mlango uliofungwa vizuri, yuko nguruwe anayekua. Amepewa nusu kikombe. Amesimama katikati ya chumba, anatazama mkono wa mtu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama unatamani kumnunua mmoja, nenda kwanza shambani uwaone wakubwa, si picha. Na mtu akikuambia umnyime chakula ili abaki mdogo, huyo si muuzaji, ni mimi. Mkimbie.

Na kama tayari unaye, ulimchukua kwa mama mmoja wa Brampton aliyekuchekea na kukuambia usimwonee huruma, nakusihi, inuka sasa hivi umlishe. Mlishe ashibe. Atakua, ndiyo, mwache akue. Halafu mtafute mwenye shamba lenye nafasi, hata kama ni mbali. Mpaka siku hiyo ifike, usimwache chumbani peke yake na mtoto, hata kama wanapendana. Wale walipendana.