Bi Futi na Gauni Lililopinda

Fundi cherehani waliyemwita Bi Futi hakuwa mtu wa kudanganywa na kitambaa, wala na binadamu. Inasemekana aliwahi kumsikia mtu akikohoa nyuma ya ukuta, akamkatia kanzu kwa kikohozi kile tu, na ikamkaa kama ngozi. Asiyeamini akamuulize mwenye kikohozi.

Basi binti yake alipomwambia kuwa amemwandikisha mjukuu darasa la dansi, cherehani ilinyamaza. Dansi ya nini kwa mtoto wa miaka minne? Na mtoto mwenyewe mwaka jana kavunjika mguu wa kushoto. Mfupa uliunga, hofu haikuunga. Akisimama hulalia kulia kama mlango uliolegea bawaba, na ngazi hashuki asipobebwa. Daktari alisema mguu ni mzima, mwacheni acheze. Bi Futi hakumwamini daktari, sembuse huyo mwalimu wa dansi, kijana mwembamba asiyevaa viatu.

"Mama, mpe mwezi mmoja," binti alimsihi. "Ukiona hapana faida, namtoa."

"Mwezi? Chatu humeza mbuzi na kujifuta mdomo kabla ya hapo."

Upelelezi ukaanza. Mtoto akirudi hukaguliwa magoti, hunuswa nywele, huulizwa wamefanya nini. Leo walikuwa paka. Juzi walikuwa miti, upepo ukawayumbisha. Bi Futi akaguna: mtu mzima na akili zake afundishe watoto kuwa paka, pana jambo hapo. Tena mtoto siku hizi alimaliza sahani na kuomba nyingine, akalala bila kubembelezwa. Huo nao ukawa ushahidi. Wamempa nini?

Wiki ya nne akamvalisha gauni la njano alilomshonea kabla ya mambo hayo ya dansi. Likapinda. Upande wa kulia ulining'inia inchi nzima chini ya wa kushoto. Miaka thelathini ya cherehani, pindo la Bi Futi halijawahi kwenda upande. Basi wamelivuta! Wanamburuta mtoto kwa nguo! Akateremka ngazi mbio, futi ya kupimia shingoni, hasira mbele, mtoto nyuma, hadi ukumbi wa dansi.

Mwalimu alisikiliza mashtaka yote, akachuchumaa kulitazama pindo.

"Bibi, mshono haujafumuka. Si ndivyo ulivyolikata?"

Bi Futi aliinama, akalishika pindo. Ni yeye. Aliurefusha upande wa kulia kwa mkono wake, ili mtoto anapolalia huko, nyonga ikapanda na kulivuta gauni juu, watu wasione. Akapima kwa futi toka sakafuni hadi nyonga, kulia na kushoto. Sawa. Akarudia, maana futi nazo huongopa. Sawa.

"Na ngazi," akamuuliza mtoto, "nani kakubeba?"

"Hakuna. Wewe ulikuwa unakimbia, Bibi."

Bi Futi akavuta kiti, akakaa mlangoni, macho kwenye miguu ya mwalimu, asije akaficha kitu kati ya vidole. Saa nzima hakupepesa.

Jioni binti akauliza, mwezi ndio huo umekwisha, amtoe?

"Umtoe uende naye wapi?" Bi Futi alisema, akifumua pindo la njano. "Yule kijana bado sijamjua. Mwandikishe mwezi mwingine, nimchunguze vizuri."