Darubini ya Marehemu

Ukitaka kugombana na yule mama fundi cherehani wa ghorofa ya juu, iguse darubini ya marehemu mumewe. Mwambie nguo uliyompa imekubana, atacheka na kuifumua. Lakini hiyo darubini, thubutu!

Mumewe alikuwa fundi wa umeme, na kwa darubini hiyo ya macho mawili alikagua nyaya za juu ya nguzo akiwa chini. Macho yake yalikuwa mabovu, maskini. Alikuwa anavua miwani, anazungusha vipete viwili vya darubini, kila jicho na chake, mpaka aone sawasawa. Tangu afariki, vipete havijaguswa. Jioni mkewe huketi roshani akatazama mtaa kwa darubini hiyo, akaona ukungu mtupu, taa zimevimba, watu hawana sura. Huridhika hivyo hivyo, maana ndivyo mkono wa mumewe ulivyoviacha.

Sasa ikaja kometi, nyota yenye mkia, ambayo marehemu aliisubiri kwa miaka, akiizungumzia hata mezani mpaka chakula kinapoa. Redio ikasema jioni hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapo haionekani tena. Wifi yake, dada wa marehemu, akaja watazame pamoja.

"Unaiona?" wifi akamuuliza mjane.

"Naiona."

"Mwongo mkubwa wewe! Unaona pamba tu. Zungusha vipete, wifi."

"Sizungushi. Vikitoka hapo, nitabaki na nini?"

"Kaka yangu alituchosha masikio na nyota hii. Leo imekuja, halafu hata wewe usiione?"

Mjane akainua tena darubini. Jua lilikuwa limezama, wekundu kidogo umebaki juu ya mapaa, na kometi nayo ilikuwa inashuka. Alitamani mumewe angekuwepo. Kama mwenyewe hayupo, basi angalau mmoja wa nyumba yake aione. Akavishika vipete, akazungusha.

Lo! Ikajitokeza: kichwa king'avu, mkia mrefu mweupe umesimama juu yake.

"Mume wangu, ndiyo hii! Njoo uone!"

Alisema kwa sauti kabisa, mkono ukamtafuta pembeni, ukaangukia bega la wifi. Wifi akaipokea darubini, akatazama, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kaka wee! Kumbe kweli ina mkia!"

Hapo ndipo mjane aliposhtuka. Yeye ambaye hajawahi kupeleka mkasi kwenye kitambaa bila kupiga chaki kwanza, hakuweka alama yoyote pale vipete vilipokuwa. Akainyakua darubini, akavirudisha vipete nyuma, akavisogeza mbele. Ukungu ukaja, ukaenda, ukaja tena, na wote ulifanana.

"Vilikuwa hapa, wifi? Au hapa?"

Kometi ilizama nyuma ya mapaa, na mjane bado anazungusha.