Uzi Mweupe wa Mama Milka

Mama mdogo wangu Milka hajui kuandika, lakini mtu asikudanganye kwamba hajui kazi. Ulikuwa mwaka wake wa tatu kuvua vidudu vya Ziwa Chala, vile vidogo kabisa, ukimimina maji kiganjani huvioni. Aliteremka ule ukuta wa mawe unaozunguka ziwa akishika mizizi, wavu wa kitambaa laini begani, ndoo ameifunga mgongoni.

Kazi ilikuwa ya Daktari Susan. Alitaka kujua vidudu vinakula nini, mwani wa ziwani au majani yanayoanguka kutoka juu. Alitueleza polepole. Kaboni iko nyepesi na iko nzito, na mwili wa kidudu unabaki na alama ya chakula chake. Huko ng'ambo kuna mashine ya kuipima. Lakini kidudu kikikaushwa tumbo limejaa, mashine inapima na chakula ambacho bado hakijawa mwili. Kwa hivyo lazima kikae kwanza kwenye maji yaliyochujwa mpaka tumbo liwe tupu.

Mama Milka alikuwa na njia yake. Akishavua, anavitia kwenye kichupa cha maji yaliyochujwa, anafunga uzi mwekundu shingoni mwake. Halafu anakaa na lenzi tangu asubuhi, akitazama ule mstari wa kijani wa chakula ndani ya vidudu. Ukiisha kwa vyote, ndipo anafunga uzi mweupe. Sijawahi kumwona akifunga mweupe kwa haraka, hata mvua ikimpiga.

Mwezi wa sita, mwaka wa themanini na sita, Gibson, msaidizi wa Daktari, alikuja mbio akitaka kuwahi basi la Voi.

"Mama, leta vyote."

"Hivi bado vimeshiba."

"Kwani wewe ni mpishi wao? Leta!"

Akachukua vichupa kumi na viwili, akavikausha vidudu mwenyewe humo humo, vikaenda ng'ambo.

Mwezi wa tisa barua ikaja, pamoja na kreti la vichupa vitupu vya kutumika tena. Vipimo havieleweki. Gibson akasimama mbele ya wafanyakazi wote wa kambi.

"Ni majivu," akasema. "Hawa akina mama wanaosha kila kitu kwa majivu. Tutafute mtu aliyesoma."

Majivu! Tangu Daktari alipoyakataza yasiharibu vipimo, Mama Milka alikuwa akiosha kwa maji ya moto matupu, mpaka vidole vikababuka. Nilitamani kumrushia sufuria. Watu wakaanza kumtazama mikono, kama mwizi.

Daktari akauliza, "Mama Milka, ulitumia majivu?"

"Lete hilo kreti."

Akavipanga vichupa mezani, kimoja kimoja. Kumi na viwili, vyote na uzi mwekundu. Mweupe hakuna hata mmoja. Akaeleza kila uzi maana yake.

"Mimi nilidhani ni mapambo," Gibson akasema.

"Nilikuambia kwa mdomo vimeshiba. Na mdomo ulikuwa pambo?"

Mpishi wa kambi akacheka. Daktari akasema basi, tuvue upya, yaishe. Mama Milka hakuondoka pale.

"Amenisema mbele ya watu. Aandike kwenye kitabu cha kambi, au wavu wenu huo hapo."

Gibson akaandika, akafunga kitabu. Mama Milka akanisukumia mimi. Shule niliachia darasa la tatu, lakini hapo palinitosha. Nikasoma kwa sauti: "Makosa yalitokea."

"Yalitokea yenyewe?" Mama Milka akauliza. "Yaliteremka ukuta yakishika mizizi?"

Gibson akamtazama Daktari. Daktari akatazama ziwa. Gibson akaandika tena, kalamu ikikwaruza: "Nilivichukua kabla ya uzi mweupe. Milka alinikataza." Nikasoma mara mbili, ya pili kwa nguvu zaidi.

Kesho yake Mama Milka aliteremka na wavu, na ndoo aliibeba Gibson. Watu wananiambia yamekwisha, nicheke. Sicheki. Hivyo vichupa vingetupwa tu huko ng'ambo, leo mama mdogo wangu angekuwa yule mwanamke wa majivu.