Vipimo vya Miguu Ndani ya Taka

Barua ya kampuni ya kuhifadhi tovuti ilikuwa fupi na tamu. Ilisema paneli ya zamani itafungwa Ijumaa saa sita mchana, paneli mpya itafunguliwa, kila kitu kitahama chenyewe, na mteja hatakiwi kufanya lolote. Dada yangu aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mtu akija kukuhamisha akakwambia kaa tu, usiguse kitu," alisema, "wewe simama mlangoni uhesabu masufuria."

Mtaani wanamwita Mama Tovuti. Miaka ishirini na miwili alikuwa mpiga taipu kwenye kiwanda cha uchapaji, hadi kiwanda kilipofungwa wakampa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Wenzake walikwenda nyumbani kulia. Yeye alijifunza kutengeneza tovuti, akiharibu na kurudia, na nilipomwambia umri umekwenda, aliniuliza umekwenda wapi.

Siku hizi meza yake iko ndani ya duka langu la ushonaji, pale dirishani, kati ya majora ya vitambaa na feni. Hapo anatunza tovuti na barua pepe za mafundi saba wa mtaa wetu, mimi nikiwa mmoja wao, wote ndani ya nafasi moja anayoikodi kwa kampuni. Ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba saba, na hiyo paneli ni ukurasa wenye swichi zote: hapa unafungua kisanduku cha barua, hapa unabadili neno la siri, hapa unaona nafasi iliyobaki. Swichi hizo anazijua hata akifumba macho.

"Mchagua jembe si mkulima," nilimwambia. "Paneli ni paneli."

"Mkulima ndiye anayejua mpini uliolegea. Kashone."

Nilikwenda kushona. Ukianza kubishana na dada yangu asubuhi, jioni itakukuta hujatia uzi kwenye sindano.

Jumatano kampuni ilimruhusu kuichungulia paneli mpya, ikiwa na nakala ya vitu vyake. Alichukua karatasi, akaandika mafundi saba, akahesabu barua za kila mmoja upande wa zamani na upande mpya. Seremala sawa. Fundi saa sawa. Mpiga picha sawa. Alipofika kwa fundi viatu akahesabu upya, na mimi nikasimamisha cherehani, kwa sababu dada yangu harudii hesabu bure.

Upande mpya fundi viatu alikuwa na barua tatu. Upande wa zamani alikuwa na hizo tatu, na nyingine elfu mbili mia moja na kumi na nne ndani ya folda ya taka.

Huyu fundi ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Anawashonea viatu watu ambao miguu yao haikulingana: mmoja mfupi, mwingine umepinda, kisigino hakigusi chini. Wengi ni watoto na wengi wanatoka mbali. Mtoto huletwa mara moja, fundi akampima kwa mikono yake na kujaza fomu kwenye tovuti, kisha vipimo vikaingia kwenye kisanduku chake cha barua. Baadaye mzazi huongeza tu urefu mtoto anapokua. Tulimwita, akaja na gundi vidoleni.

"Fundi, hizi barua za kwenye taka nizifute?" dada alimwuliza.

"Uzifute?" Alishika kichwa, gundi na yote. "Dada, hivyo ndivyo vipimo vyangu! Vyote!"

"Sasa mbona umevitupa?"

"Sijavitupa, nimeviweka. Nikishasoma naviweka kwenye kapu, meza ibaki safi."

Nilitaka kucheka, kisha nikaikumbuka karakana yake. Chini ya meza kuna kapu la taka, na ndani yake vimo vipande vyote vya ngozi alivyokata tangu aanze kazi. Halimwagwi kamwe. Akitaka kiraka huinama tu, akachokora, akakipata. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kwa miaka minane paneli ya zamani ilimwachia fundi za kwake, maana haikuwahi kumwaga taka bila kuambiwa.

"Kuna yule mtoto wa mguu wa kushoto," fundi alisema, sauti imeshuka. "Mama yake kapiga simu jana, kiatu kimembana. Nikikosa kile kipimo cha kwanza, lazima waje tena. Ni safari ya siku mbili, na mtoto aliifanya mgongoni kwa mama yake."

Dada alipiga simu kwa kampuni. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye sauti laini.

"Mama, taka hazihamishwi. Taka ni taka."

"Ni vipimo vya miguu ya watoto."

"Basi visingekaa kwenye taka, mama."

"Mwanangu, sijakuuliza vingekaa wapi. Nimekuuliza, mtavihamisha?"

"Mfumo hauruhusu. Ila kuna kitufe cha njano, kimeandikwa Nimekubali. Ukikibonyeza tunakuhamisha leo leo."

"Nisipokibonyeza?"

"Utahamishwa Ijumaa na wenzako."

"Basi tukutane Ijumaa," alisema, akakata simu. Yeye alikuwa mtulivu. Mimi ndiye niliyewaka hasira.

Alhamisi asubuhi alifungua folda mpya, akaiita Vipimo, akaanza kutoa barua kwenye taka na kuzitia humo. Ukurasa mmoja ulionyesha barua hamsini tu: weka alama, hamisha, subiri. Kurasa arobaini na tatu. Mimi nilihesabu kwa sauti, fundi akatuhemea shingoni, mpaka dada akamfukuza akapige nyundo.

Ukurasa wa thelathini na moja, saa kumi jioni, maandishi mekundu yakatokea: nafasi imejaa. Kumbe mtambo ulikuwa unanakili barua zote kwanza, ndipo ufute za zamani. Dada alivikagua vyumba vyote saba kuona kipi kina mizigo. Kilikuwa changu, chenye picha za magauni ya miaka sita.

"Usithubutu," nilisema.

"Magauni yenyewe yananing'inia hapo nyuma yako. Anayeyataka ataingia ayaone." Akafuta.

Nilihesabu huku nimenuna hadi ukurasa wa thelathini na nane. Hakuomba radhi wakati ule na hajaomba mpaka leo, na mimi nilipomfikiria yule mama na mgongo wake niliona aibu kudai. Mtandao ulikatika tukiwa tumebakiza kurasa nne. Tulizimaliza Ijumaa saa tano na nusu asubuhi.

Saa sita kamili paneli ya zamani ikafungwa. Mpya ilipofunguka, fundi alikuwa amesimama nyuma yetu, hataki kiti. Folda ya Vipimo ilikuwepo: elfu mbili mia moja na kumi na nne. Alimwomba dada amfungulie ya yule mtoto, akaisoma midomo ikicheza, akaandika kiganjani kwa kalamu, akatoka bila hata asante. Punde tulisikia nyundo yake ukutani.

Mchana ule kampuni ilipiga simu.

"Hongera mama, umehama salama. Ila kwetu kitufe chako kinaonekana hakijabonyezwa. Naomba ubonyeze tufunge faili."

"Wateja wengine mmewaambia kwamba taka hazihami?"

"Hakuna mtu anayetunza vitu kwenye taka, mama."

"Mimi ninaye mmoja, na sidhani kama yuko peke yake. Waandikieni wote, mseme wazi kinachobaki nyuma. Barua hiyo ikinifikia, nitabonyeza."

"Mama, hilo haliko juu yangu."

"Na kubonyeza kuko juu yangu."

Miezi mitano imepita. Kila asubuhi akiingia kwenye paneli, kitufe cha njano kinamsubiri katikati ya ukurasa, naye hukisogeza pembeni akaendelea na kazi. Kampuni haijaandika. Dada yangu hajabonyeza.