Rula na Mikaratusi Mitatu

Mume wangu mtaani wanamwita Rula. Ameandika mabango ya maduka miaka thelathini, na herufi zake zimenyooka kuliko tabia yake.

Mwaka huu aling'ang'ania kumchorea mama yake mikaratusi mitatu ya nyumba yao ya zamani, iliyokatwa barabara ilipopanuliwa. Mama mkwe anaishi nasi, na macho yake yanazimika. Daktari alisema hakuna upasuaji wa kuyarudisha. Basi Rula hakutulia. Alichora, akafuta, akazunguka sebule, akanilaumu mimi kwa kufunga dirisha.

Picha ya kwanza ilikuwa na kila jani, limezungushiwa mstari mweusi kama anavyozungushia herufi. Mama akaisogeza hadi puani.

"Mwanangu, hili bango la duka gani?"

Nilicheka, nikajuta. Rula hakula siku ile.

Nikampeleka kwa mwalimu wa uchoraji, mama mstaafu anayeishi nyuma ya karakana ya mbao. Akamnyang'anya brashi nyembamba, akampa ya kupakia ukuta.

"Shika mwisho wa mpini. Sasa finya macho mpaka majani yapotee. Kinachobaki ndicho uchore."

"Kinachobaki ni ukungu tu, mwalimu."

"Basi chora ukungu."

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na wangu alishakauka zamani. Wiki tatu alirudi amenuna, nguo zimejaa rangi, akisema anafundishwa uchafu. Hadi jioni moja, akifanya zoezi lake la kufinya macho, akaniangalia mimi nikimenya viazi, akaweka brashi chini.

"Mama watoto," akasema, "hivi ndivyo Mama anavyotuona."

Akalia. Nami nikaacha viazi.

Picha ya mwisho aliimaliza kwa nusu saa, amesimama. Mabaka ya kijani, michirizi myeupe ya mashina, moja limeinama. Ukiisogelea ni fujo tupu. Akampelekea mama yake rangi ikiwa mbichi, akabaki mlangoni, mara aingie, mara atoke.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, akagusa shina lililoinama, rangi ikambakia kidoleni.

"Huu ndio mti uliokuangusha ulipokuwa mdogo," akasema. "Na nilikukataza kuupanda."

Rula, mvi kichwa kizima, akainamisha uso.

"Nisamehe, Mama."