Nyuki wa Kaburi la Wakwe

Kila Jumamosi Fusae na wenzake wa kujitolea huzunguka mitaa ya Nagasaki, wakisimama mbele ya maua kama watu waliosahau walikokuwa wakienda, wakiandika nyuki gani ametua wapi. Watoto wa jirani humwita Bibi Nyuki, naye hakasiriki. Kanuni ya kikundi ni fupi: tazama, andika, usiguse.

Mumewe, Sadaharu, alifariki majira ya kuchipua. Ilipokaribia siku ya arobaini na tisa, siku ambayo mtungi wa mifupa yake iliyochomwa huwekwa kaburini, Fusae alipanda ngazi za mlimani na wifi yake Kikue kwenda kufagia kaburi la wakwe. Walilikuta linavuma. Sauti ilitoka chini ya jiwe, nzito, ya mdomo uliofumbwa.

Kikue alidondosha ufagio. "Ni mama huyo. Ndivyo alivyokuwa akiguna akikasirika. Hataki kaka azikwe hapa."

"Ni nyuki, wifi. Tazama kwenye ufa."

"Wewe kila kitu nyuki. Makaburi yote haya, mbona wachague la mama?"

Fusae aliinama. Jibu lilikuwa hapo hapo kando ya ubani: chungu cha ua la okidi la Sadaharu, alichokileta Fusae mwenyewe baada ya msiba, na sasa limechanua. Kundi la nyuki wa kienyeji likihama, likiinusa okidi ile, hutafuta makao papo hapo. Wafugaji huitumia kama chambo, na yeye ndiye aliyewafundisha wenzake jambo hilo. Aliona aibu. Aliona na baridi pia, kwa kuwa okidi hiyo haikuwahi kuchanua hata mara moja Sadaharu alipokuwa hai.

Siku ya mazishi, fundi wa makaburi, Ogushi, alikuja na kopo la dawa.

"Mama, napuliza kidogo tu, wanakwisha, tunafungua."

"Usipulize," Fusae alisema.

"Basi marehemu mama kakataa," Kikue akadakia. "Kaka nampeleka hekaluni leo leo, akae rafuni na wafu wasio na kwao."

Hilo ndilo Fusae aliloliogopa kuliko miiba. Lakini kumlaza mumewe juu ya maiti za nyuki hakuweza.

"Fungua hivyo hivyo. Wakiuma, waniume mimi."

Ogushi alilisogeza jiwe huku akinung'unika. Masega yalikuwa yamening'inia kila upande, yameimeza mitungi miwili ya wakwe hadi shingoni. Katikati ya mitungi hiyo palibaki nafasi moja tupu, safi, ya mviringo. Fusae alipiga magoti, akaushusha mtungi wa Sadaharu, nao ukaenea bila kugusa sega. Nyuki walimtembea mikononi, hakuna aliyeuma. Ogushi alirudisha jiwe mbio mbio, akaondoka bila kopo lake.

"Nani aliwapimia?" Kikue aliuliza kwa sauti ndogo, akashuka ngazi bila kungoja jibu.

Fusae alibaki peke yake. Maisha yao yote ya ndoa Sadaharu alikoroma. Ukimgonga bega kwa kidole hunyamaza kidogo, kisha huanza upya. Sasa jiwe lilikuwa linavuma tena. Akaligonga kwa kidole.

Kimya.

Alijua kwamba nyuki hao wakishtuliwa hunyamaza wote kwa pamoja. Alishaliandika jambo hilo mara nyingi. Hata hivyo alisubiri, kidole kikiwa bado juu ya jiwe. Mvumo ukaanza tena, taratibu, ukitokea puani.

"Haya, lala," alimwambia, akaokota ufagio ambao Kikue aliuacha siku ile.